Kericho si majani chai pekee

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili, awe ameketi darasani Lamu au Busia, akutajie mambo yanayoufanya mchai ustawi katika nyanda za Kericho. Atakujibu pasi na kusita: mvua ya mwaka mzima, mwinuko wa kadiri ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, udongo mwekundu wenye asidi usiotuamisha maji, na wafanyakazi tele. Mtahini atampa alama zake zote. Kisha mwulize swali la pili: kabla ya mchai, ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Hapo utamwona akiitazama dari.

Simlaumu mwanafunzi huyo, wala simlaumu mwalimu wake anayekimbizana na silabasi. Lawama, ikiwa ipo, naielekeza kwenye mazoea yetu ya kuigawa nchi vipande viwili. Katika kipande cha jiografia, Kericho na Bomet ni mahali pa mvua na viwanda. Katika kipande cha historia, Wakipsigis wa huko hutajwa kwa mstari mmoja, kama majirani wa Wanandi waliompinga Mzungu. Baina ya vipande hivyo viwili pana ufa, na ndani ya ufa huo zimetumbukia habari za watu wengi ambao wajukuu wao wangali hai na wangali wakidai haki.

Nianze na lile ambalo vitabu vimelisema sawasawa. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miteremko ya magharibi ya Mau, hukumbana na pepo zitokazo mashariki, na ifikapo alasiri mawingu yamekwisha kukusanyika. Mwenyeji wa Kericho hahitaji redio imwambie kwamba saa tisa ni wakati wa kuanua nguo. Jambo lisilosemwa mara kwa mara ni kwamba mvua hiyo aghalabu huja na mawe. Nyanda hizi hutajwa miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mawe hayo huyachana majani machanga ambayo ndiyo hasa yanayotakiwa kiwandani. Hasara ilizidi kiasi kwamba katika miaka ya 1960 yalifanywa majaribio ya kurusha roketi, na baadaye kutuma ndege, kutia kemikali mawinguni ili mawe yasifanyike. Roketi zimekwisha, mawe yapo.

Mito nayo yataka kutajwa. Itare, Chemosit na Kipsonoi huchangia maji ya mto Sondu unaoingia ziwani. Upande wa Bomet, Nyangores hupita kwenye maporomoko ya Tenwek, ambako hospitali ya misheni ilijijengea mtambo mdogo wa umeme wa maji mwaka 1987, kisha huungana na Amala kuwa mto Mara. Mara huyanywesha makundi ya nyumbu wa Masai Mara na Serengeti, ukamalizikia ziwani katika ardhi ya Tanzania. Kwa hiyo shoka linapopiga mti katika msitu wa Mau, mvuvi wa karibu na Musoma anahusika, hata kama hajapata kulisikia jina la Bomet.

Sasa turudi kwenye swali letu la pili.

Wakipsigis walikuwa wafugaji na wakulima katika nchi hii kabla ya reli kufika. Nyaraka za serikali ya kikoloni huwaita "Lumbwa", jina la kuazima kwa Wamaasai ambalo wenyewe hawakulipenda. Liliwahi hata kubandikwa stesheni ya reli, ile ambayo leo twaiita Kipkelion. Kuhusu jina la Kericho pana masimulizi zaidi ya moja. Wapo wanaolinasibisha na kiongozi mmoja wa Kimaasai wa kale, na wapo wanaolitoa kwenye neno la Kikalenjin lenye maana ya dawa, kerichek. Mimi nawaachia wataalamu wa lugha mjadala huo, ila nakiri kwamba moyo wangu unaegemea dawa.

Mnamo Juni 1905 kikosi cha serikali kilitumwa Sotik. Sababu iliyotolewa ni kwamba Wakipsigis wa huko walikuwa wamewavamia Wamaasai, wakateka ng'ombe na watu, na wakakataa kuwarudisha. Kikosi kilikwenda na bunduki za rashasha. Hesabu ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni watu 1,850, wanawake na watoto wakiwamo, na mifugo ikaswagwa kwa maelfu. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kisa cha pili kila mtoto wa shule anakijua, na ni vyema akijue. Kisa cha kwanza, kilichoua watu wengi mno mbali kidogo tu kutoka hapo, ni nani aliyemsimulia?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Uingereza ilikuwa na maafisa wengi wa jeshi waliorudi kutoka vitani wakiwa vilema. Ukabuniwa mpango wa kuwapa makao mapya, na ardhi ikatafutwa Kericho: ekari 25,000 hivi zikamegwa kutoka eneo ambalo serikali hiyohiyo ilikuwa imewatengea Wakipsigis. Maafisa hao hawakuja kupanda chai. Walikuja kupanda kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa vitambaa, na ambao bei yake ilikuwa imepaa kwa ajili ya vita. Kufikia mwaka 1921 bei ilikuwa imeporomoka, na mpango mzima ukafilisika.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hiki ndicho kiini cha habari yote. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kwa hoja ya kuwasaidia askari vilema. Hoja hiyo ilipokufa, ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 iliangukia mikononi mwa makampuni mawili makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliyoona kwamba mchai uliokuwa umejaribiwa Limuru tangu mwaka 1903 ungestawi zaidi kwenye miteremko hii yenye mvua isiyokatika. Hati za mashamba ya walowezi katika enzi hiyo zilikuwa za kukodi kwa miaka 999. Ukipenda hesabu, piga: mtu aliyepewa ardhi kwa hati hiyo mwaka 1920 alitarajiwa kuirudisha mwaka 2919.

Kitani hakina hata sanamu Kericho. Lakini bila kitani kushindwa, kijani tunachokisifu katika kalenda na kadi za posta huenda kingekuwa na sura nyingine kabisa.

Ardhi peke yake haikutosha. Ilibidi pia wanyamazishwe wale ambao watu waliwasikiliza. Miongoni mwa Wakipsigis, ukoo wa Talai ndio uliotoa Orkoiik, viongozi wa kiroho na watabiri ambao ushauri wao ulitafutwa kabla ya vita na kabla ya mambo mazito. Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel, ndiye aliyekuwa Orkoiyot upande wa Kipsigis. Serikali ilimhamisha mwaka 1914, naye akafia uhamishoni. Bado ukoo wake ulihofiwa. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha "malaiboni", kwa madai kwamba walichochea wizi wa mifugo na uasi. Ukoo mzima, kiasi cha watu 700, wazee kwa watoto wachanga, ukasombwa hadi Gwassi, karibu na ziwa, katika nchi ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Homa Bay.

Mwanafunzi anayejua jiografia yake anaweza kuyakisia yaliyofuata. Watu waliozoea ubaridi na malisho mabichi walitupwa kwenye joto, mbung'o na mbu. Ng'ombe wakafa kwa nagana, watu wakafa kwa malaria. Sheria haikumbagua aliyetabiri na asiyetabiri. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika ukoo. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni. Wakakuta mchai umetanda hadi upeo wa macho, na wengi wao wakaishia kuwa maskwota pembezoni mwa mji uliokuwa nchi yao. Mwenye kovu usidhani kapoa: mnamo Agosti 2022 wawakilishi wa Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka uliofuata Mfalme Charles alipozuru Kenya alitamka masikitiko juu ya maovu ya enzi ya ukoloni bila kuomba radhi rasmi.

Natazama sasa lile jibu la nne la mwanafunzi wetu: wafanyakazi tele. Hawakuota kama uyoga. Makampuni yaliwahitaji watu kwa maelfu, nao wakaja kutoka Kisii, Nyanza, nchi ya Waluhya na miongoni mwa Wakipsigis wenyewe, wakisukumwa na kodi iliyotaka shilingi mkononi. Wakajengewa nyumba za safu katika kambi ziitwazo laini, kila laini na bomba lake la maji, na mashamba yakawa na zahanati na shule zake. Mchumaji huamka alfajiri, hufunga aproni ya plastiki kiunoni kwa sababu ya umande, hubeba kikapu mgongoni, na hulipwa kwa kilo. Huchagua majani mawili na chipukizi lake; likizidi hapo, chai huwa kali bila ladha. Kiasi cha kilo nne na ushei za majani mabichi ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu. Tarakimu hiyo ningependa iandikwe ubaoni, ili anayekoroga kikombe ajue ni mikono mingapi imepita humo.

Katika laini hizo lugha ya kuwaunganisha watu ilikuwa Kiswahili. Wenzetu wanaodhani kwamba Kiswahili kilienezwa bara na misikiti, shule na redio pekee wangefaa kusikiliza mazungumzo ya foleni ya kupimia majani. Mama kutoka Kisii na kijana kutoka Bomet walihitaji neno moja la mizani, moja la mshahara, na moja la mnyapara, na Kiswahili kikawapa yote.

Hata hivyo lugha moja haikuwakinga watu na siasa. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalizuka katika eneo la Sondu na kwingineko kwenye mipaka ya wilaya, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi walioonekana kuwa wageni walivamiwa ndani ya laini zilezile. Zaidi ya watu 200 walipeleka kesi London dhidi ya Unilever, iliyokuwa imeinunua Brooke Bond mwaka 1984, wakidai hawakulindwa; mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ilikataa kuwasikiliza. Watawa wa Kitrapisti waliokuwa Kipkelion tangu miaka ya 1950 walihamia Uganda baada ya ghasia hizo. Na mnamo Februari 2023 filamu ya uchunguzi ya BBC ilionyesha jinsi baadhi ya wasimamizi wa mashamba walivyowadai wanawake ngono ili wawape kazi. Sioni kwa nini somo la chai liishie kwenye asidi ya udongo.

Isidhaniwe kwamba nchi hii imejaa machozi tu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na vinasa sauti vyake akikusanya muziki, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo juu ya kiumbe wa ajabu aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani kutoka Mississippi aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi nyanda hizi. Rodgers alikuwa amekufa mwaka 1933. Wasichana wa Kapkatet walimsikia, wakamtia kiambishi cha Kikalenjin, wakampa kwato, wakamwalika acheze ngoma. Wimbo ukahifadhiwa katika maktaba ya muziki huko Grahamstown, Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za kanda hizo zikarejeshwa Kapkatet, ambako baadhi ya walioimba walikuwa wangali hai. Mwalimu wa fasihi simulizi anayetafuta mfano wa jinsi jamii inavyolipokea jambo geni na kulifanya lake, asihangaike kwenda mbali.

Nyanda hizi zimetoa pia watu wa kutajwa. Wilson Kiprugut Chumo alishinda medali ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, akaongeza ya fedha mjini Mexico mwaka 1968. Alifariki mwaka 2022. Taaitta Toweett, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alikaa na sarufi ya Kikalenjin kama wengine wanavyokaa na bao, akaichambua kwa kitaaluma hadi shahada ya uzamifu. Ni wanasiasa wangapi wa leo wanaoweza kukueleza viambishi vya lugha ya mama zao?

Lakini habari ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote baada ya uhuru ni ya mkulima mdogo. Wakati wa ukoloni Mwafrika aliruhusiwa kuuchuma mchai wa tajiri, siyo kuupanda wake. Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950. Mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya KTDA, iliyogeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, na viwanda vikasimama Litein, Kapkatet, Tegat, Kapkoros, Mogogosiek na kwingineko. Bomet, iliyotengwa kuwa wilaya mwaka 1992, ilijengeka kwa kiasi kikubwa kwa jasho la mwenye ekari moja au mbili. Siku hizi zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wa namna hii, na Kenya ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko zote. Karo ngapi zimetoka kwenye kituo cha kukusanyia majani! Hata hivyo bonasi inapotangazwa kila mwaka, mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hujikuta amepewa kidogo kuliko mwenzake wa mashariki. Huelezwa kwamba chai ya mashariki hupata bei bora katika mnada wa Mombasa. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayamlipii mtu karo, na mkulima wa Bomet ana haki ya kuuliza kiwanda chake kinasimamiwa vipi.

Mashamba makubwa nayo yamo safarini. Katiba ya mwaka 2010 ilizipunguza zile hati za miaka 999 hadi 99 kwa wasio raia. Unilever ilijitoa katika biashara hiyo mwaka 2022 na mashamba yakawa ya Lipton. Mwaka 2023 James Finlay iliyauza ya kwake kwa Browns Investments ya Sri Lanka, asilimia 15 ya hisa zikitengewa ushirika wa wenyeji, na mwaka 2024 Lipton nayo ikatangaza kuyauza yake kwa kampuni hiyohiyo. Asilimia 15 ni zaidi ya sufuri, nami sitaibeza. Lakini kuna wenyeji wanaouliza kwa nini mtu anunue sehemu ya kitu anachoamini kilikuwa cha babu yake, na swali hilo halijibiwi kwa cheti cha hisa.

Papo hapo mashine za kuchumia majani zimeingia, kila moja ikifanya kazi ya mikono mingi. Mnamo Mei 2023 vijana walizichoma moto baadhi ya mashine hizo Kericho, na katika purukushani na polisi mtu mmoja akauawa. Laini zilizojengwa kuwahifadhi "wafanyakazi tele" zimeanza kupungukiwa na watu, na jibu la nne la mtihani wetu huenda likafutwa na wenye mashamba wenyewe kabla ya watahini.

Walimu wenzangu wa Kericho na Bomet wana kitu ambacho sisi wengine hatuna: mashahidi walio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka lango la shule. Darasa linaweza kwenda Jumamosi moja na daftari, likauliza laini hii ilijengwa lini, shamba hili liliitwaje kabla ya kuwa na namba, nani alikwenda Gwassi na nani alizaliwa huko. Lisikae sana kabla ya kwenda. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka 1934, ikiwa yu hai, amekaribia kutimiza miaka 100.